Kipupwe chini ya mkorosho

Mwezi Juni, ukitoka Mtwara mjini kuelekea Naliendele, mikorosho huonekana kama miti iliyopumzika. Mvua zimekatika tangu Mei, kusi linavuma, asubuhi zina ubaridi. Hakuna ua, hakuna bibo. Mpita njia hudhani mkulima naye amelala mpaka Oktoba, wakati wa kuokota. Kumbe mavuno ya Oktoba hupatikana au hupotea katika majuma haya ya kipupwe.

Niliingia chini ya mkorosho mmoja mkongwe, wa matawi yaliyolala hadi kugusa mchanga. Kwa nje mti ulikuwa safi kabisa. Ndani, shinani karibu na usawa wa goti, palikuwa na machipukizi laini ya rangi ya shaba, na juu yake unga mweupe, kama mtu aliyetoka kukanda ngano akapangusa mikono pale. Nilipopitisha kidole, unga ukabaki kidoleni. Mzee mwenye shamba akaniambia, "Haya ndiyo ya kutoa kwanza, mwanangu. Salfa haiyafikii huku."

Huo ni ubwiriunga, unaoletwa na ukungu. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini mara ya kwanza mwaka 1979, ukaikuta mikorosho ya kusini tayari taabani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Kisha watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali na nyumba zao, bei nayo ikawa haimpi mtu sababu ya kwenda kupalilia. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 17,000. Ubwiriunga ulikamilisha anguko lililokwisha kuanza, na ulienea kwa urahisi zaidi kwa sababu miti ilikuwa imeachwa ikasongamana bila mtu wa kuitazama.

Ukungu huu unahitaji kitu kichanga na kilicho hai. Jani lililokomaa haliguswi, na jani lililokufa haliufai. Mvua zikiisha na mti ukiwa bado haujatoa majani mapya, ukungu hujihifadhi kwenye hayo machipukizi ya ndani, penye kivuli na unyevu. Majani mapya yakitoka juu, na baadaye maua, upepo huupandisha. Ua lililoshikwa hukauka bila kufunga korosho.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni msumeno. Palizi ikishafanyika na chini pakawa peupe, mkulima huingia ndani ya mti, akatoa machipukizi ya shinani, matawi yaliyokufa na yale yanayogusa ardhi. Tawi nene hukatwa kidogo kutoka chini kwanza, ndipo likamaliziwa kutoka juu, lisianguke na kuchuna ganda la shina. Nimeona watu wakitumia panga kwa haraka. Panga huacha kidonda chenye nyuzinyuzi, na mkorosho wenye kidonda hushambuliwa kwa urahisi na wadudu wanaotoboa shina.

Salfa, dawa ya unga ya kukinga ukungu huo, inakuja baada ya hapo. Utaratibu uliozoeleka, uliotokana na utafiti wa kituo cha Naliendele, ni gramu 250 kwa mti mkubwa, kila baada ya siku 14 hivi, mara tano. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja ina miti kama 28, yaani kilo 35 za salfa kwa msimu. Hupulizwa alfajiri au usiku, upepo ukiwa umetulia na umande uko juu ya majani, ili vumbi lishike. Jua likipanda na kusi likiamka, unga wa manjano unaondoka na upepo na fedha ya mkulima inaondoka nao.

Salfa hukinga, haifufui ua lililokwisha kuungua. Mzunguko wa kwanza unatakiwa kuanza machipukizi ya maua yanapojitokeza. Na kwa kuwa salfa huagizwa kutoka nje, kalenda ya mkulima huanzia gatini: shehena ikichelewa kushuka Bandari ya Mtwara, au ikashuka mapema ikakwama ghalani, mti hausubiri. Kwa maoni yangu hapa ndipo panapostahili kusimamiwa kwa ukali kuliko penginepo, maana mkulima aliyepalilia na kupogolea vizuri hana namna ya kuzirudisha siku alizocheleweshwa.

Lipo pia la udongo. Salfa inayodondoka mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali, na mchanga wetu wa pwani hauna nguvu ya kuizuia. Watafiti walilieleza jambo hili tangu miaka ya 1990. Anayechagua cha kupanda kati ya mikorosho mvua zitakaporudi alikumbuke: mihogo huvumilia tindikali vizuri. Dawa za maji zinapunguza mzigo huo, ila zinataka maji ya kuchanganyia, na kuna vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde ambako ndoo ya maji ni safari.

Msumeno, kinyume chake, hauna madhara kwa udongo na hauagizwi kwa meli. Udhaifu wake ni mmoja: hauna faida kubwa ukitumiwa na mtu peke yake. Unga ule husafiri kwa upepo, hauulizi mpaka wa shamba. Shamba la mzee yule limepakana upande wa kusini na mikorosho ya jirani anayeishi mjini, haijaguswa miaka kadhaa, na upepo wa msimu huu unatoka huko huko. Mzee alimpigia simu kuomba ruhusa, akaingia na msumeno wake kwenye mistari miwili ya kwanza.