Mbao Zilizojifanya Mawe

Ukiitazama nyumba ya George Washington pale Mount Vernon, Virginia, kutoka upande wa magharibi, unaona ukuta wa mawe ya mraba yaliyochongwa kwa ustadi. Mawe hayo ni mbao za msonobari. Washington alianza mtindo huo mnamo 1758, alipoiongezea nyumba ghorofa. Kingo za kila ubao zilichongwa mshazari, kisha ukakatwa vijifereji vya kusimama hapa na pale, ubao mmoja mrefu ukageuka safu ya mawe. Juu yake ilipakwa rangi nzito, na kabla haijakauka ikarushiwa mchanga.

Habari za mchanga huo tunazo kutoka kwake mwenyewe. Mwezi Oktoba 1799, muda mfupi kabla hajafa, alimwandikia William Thornton, msanifu wa jengo la Bunge la Marekani, akamweleza kwamba mchanga una kazi mbili: kuipa rangi uhai mrefu na kuupa ubao sura ya jiwe. Urushwe mpaka rangi isiweze kushika chembe nyingine. Na kwa kuwa mchanga mweupe safi ni adimu, nyumba zake zilipakwa unga wa jiwe laini uliotwangwa, ukachekechwa, kisha ukapepetwa kwa upepo mwanana ili vumbi liondoke. Mtwangaji hatajwi. Mwaka huo walikuwapo watumwa 317 kwenye mashamba ya Mount Vernon, hivyo si vigumu kukisia.

Sasa chukua ukuta wa namna hii, uoze, na uwe wewe ndiye fundi uliyeitwa.

Wamarekani wana viwango vinavyotolewa kwa jina la Waziri wao wa Mambo ya Ndani, ambaye kwao husimamia ardhi na hifadhi, si polisi. Kuhusu sehemu zilizochakaa viwango hivyo havina mzunguko: tengeneza kwanza, ikishindikana badilisha, na kipya kilingane na cha zamani kwa umbo, rangi na sura, na pale inapowezekana kwa malighafi pia. Wenye nyumba wengi wamekwenda njia nyingine, wakafunika mbao kuukuu kwa bati la alumini au plastiki. Idara ya Hifadhi za Taifa ililiandikia jambo hilo waraka mzima, na onyo lake ni la kiufundi kuliko la kimapambo: ganda jipya huficha uozo na linaweza kunasa unyevu nyuma yake. Mwenye nyumba hufurahia kutopaka rangi, huku fremu ikiliwa gizani.

Ndiyo maana uchunguzi wa maji hutangulia msumeno. Ubao wa nje hauozi kwa sababu ya uzee. Kuvu wanaoula mti wanahitaji unyevu, na mafundi wa uhifadhi hujitahidi mti ubaki chini ya asilimia 20. Ukiona ubao mmoja umeoza katikati ya wenzake wazima, tazama juu yake: gata limetoboka, au bati dogo la juu ya dirisha limeondoka. Zikioza mbao za chini pekee, angalia udongo; bustani imepandishwa miaka nenda rudi mpaka imegusa nyumba, na kila mvua inarusha matone ukutani. Rangi ikibabuka kwa mapande nje ya bafu au jiko, yaelekea mvuke unatoka ndani. Katika nyumba zilizojazwa sufi ya kuzuia baridi bila kufikiria mvuke utapitia wapi, ubao mpya nao huweza kufuata njia ya ule wa kwanza. Fundi anayeanza kung'oa kabla ya kujibu maswali haya anajitafutia kazi ya kurudi.

Baada ya hapo ni bisibisi. Unachoma ubao kila hatua, hasa kwenye ncha, maana ncha iliyokatwa hunywa maji kwa kasi zaidi kuliko uso wa ubao. Mara nyingi uozo huishia karibu na ncha na sehemu kubwa ni nzima. Hapo hukatwa kipande kibovu tu na kuwekwa kiraka cha mti wa aina ileile, nyuzi zikielekea upande uleule, na kiungo kikiwa cha mshazari ili maji yateremkie nje. Epoksi inafaa kwa matundu madogo. Kuijaza kwenye uozo mpana simshauri mtu: mti hutanuka na kunywea, epoksi haiufuati, ufa hufunguka, na maji hupata mlango.

Ubao usiookoleka una masharti yake. Msonobari wa zamani ulikua polepole msituni, pete zake zimebanana. Wa leo kutoka shamba la miti umekua haraka na una sehemu nyeupe nyingi ya nje, ambayo huoza upesi. Kwa hiyo kutaja "msonobari" kwenye oda hakutoshi. Zitakiwe mbao za kiini, zilizopasuliwa kuelekea moyo wa gogo, kwa kuwa mti hunywea kwa kufuata pete takriban mara mbili ya unavyonywea kukatiza pete. Umbo linakiliwa kutoka ubao wa zamani uliopo ukutani, baada ya kuondoa rangi inayodanganya kingo. Kisha rangi ya kwanza hupakwa pande zote, mgongo na ncha pia, kabla msumari haujagongwa. Mgongoni huandikwa mwaka, ili mchunguzi wa baadaye asiudhanie wa karne ya 18.

Mchanga ndio unaoifanya kazi ya Mount Vernon kuwa ngumu kuliko ya nyumba nyingine ya mbao. Ukuta wa kawaida ukichakaa unapiga msasa na kupaka tena. Hapa msasa unakwangua kile hasa unachotaka kukihifadhi, na vumbi lake lina risasi, kwa sababu rangi nyeupe ya zama zile ilitengenezwa kwa risasi. Ukiongeza tabaka juu ya tabaka, vijifereji vinajaa, kingo zinakuwa butu, na "mawe" yanayeyuka kuwa ubao mtupu wenye mabonde. Wakati fulani lazima tabaka ziondolewe, na chembe zilizoondolewa zichunguzwe ukubwa na rangi kwanza ili zinazorushwa upya zifanane nazo.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika na kitu kilichokuwa bandia tangu mwanzo. Si bora jiwe halisi? Jiwe halisi lingemfuta mwenye nyumba. Aliyetaka sura ya jumba la mawe kwa gharama ya mbao ndiye aliyekaa pale, na ujanja wake ndio ushahidi. Kwa ukuta huo nisingekubali ubao wa saruji hata kama mtengenezaji ameupamba kwa vijifereji vilevile. Lakini neno "inapowezekana" katika viwango vile halikuwekwa bure. Kwa nyumba ya mtu wa kawaida katika mtaa uliohifadhiwa, ukuta wa nyuma usioonekana barabarani, mbao za kiini zikiwa na bei isiyoshikika, ningemruhusu atumie kitu mbadala, mradi chanzo cha maji kimezibwa na mbao nzima za mbele hazijaguswa.