Pumzi ya Watu: Swali Lililoachwa Njiani

Wako wadhanio kwamba falsafa ni mali ya Wayunani, na sisi tukaao Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, tulirithi mila tu. Dhana hiyo twataka kuipima kwa kitabu kituhusucho wenyewe, Good Company, alichokitoa Bibi Monica Wilson mwaka 1951. Yeye na mumewe Godfrey walifanya uchunguzi wao Unyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938. Bwana Godfrey alifariki mwaka 1944, na mjane wake akaiandika kazi hiyo peke yake.

Kitabu chaeleza vijiji vya rika, ambavyo sasa vimekwisha. Mvulana wa miaka kumi hivi aliondoka kwa baba yake akajenga kibanda pamoja na wenzake, nao walikaa pamoja hata uzee. Kilichowafunga ni ukwangala, yaani kuketi na wenzi, kula, kunywa na kuzungumza. Na katika mazungumzo hayo mtu alijifunza adabu na akili.

Walakini sehemu iliyotushika zaidi ni ile ya imbepo sya bandu, pumzi ya watu. Mtu aliyemdharau mzazi wake, au aliyewanyima jirani nyama ya karamu, alisemwa kijijini, na manung'uniko yale yakamshukia kama baridi, akaugua. Wenye nguvu hiyo waliitwa abamanga, walinzi wa kijiji waonao usiku. Nao wachawi, abalosi, nguvu yao ilikuwa ile ile! Tofauti haikuwa katika nguvu bali katika haki: mlinzi huadhibu kosa, mchawi husukumwa na tamaa ya nyama na maziwa.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo falsafa ilipo. Jirani aliyenyimwa nyama akakasirika, je, ni mlinzi au ni mchawi? Bibi Wilson aliona kwamba ugonjwa mmoja huitwa pumzi na hawa, uchawi na wale. Aliliona jambo hilo, akaliandika vema, akaenda zake. Ni nani basi mwenye haki? Elimu yake haikumtuma kuuliza hivyo. Ni kweli ameweka maneno ya watu wengi, lakini kila neno laletwa kuwa ushahidi wa desturi, si hoja ya kujibiwa. Hata karani wao, Leonard Mwaisumo, aliyewasaidia sana kazini, hatumsikii akibishana.

Padre Placide Tempels alikuwa amekosea zaidi mwaka 1945, alipotoka kwa Waluba wa Kongo akawapa Wabantu wote falsafa moja, kama sare ya shule. Dawa ya kosa hilo twaiona kwa mwalimu Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kitabu chake Sage Philosophy cha mwaka 1990. Yeye aliwaendea wazee mmoja mmoja, akawaandika kwa majina yao, kama Paul Mbuya Akoko, akabishana nao. Akawatenga ahifadhiye tu maneno ya watu wake na athubutuye kuyapima, hata kuyakataa.

Wala tusidhani kwamba pumzi ya watu imekwisha pamoja na vijiji vya rika. Siku hizi hupita katika simu. Kijana wa Kyela afanyaye kazi Dar es Salaam asipotuma mchango wa msiba, jina lake husomwa na ukoo wote kabla jua halijachwa. Labda ni bahili, naye astahili kusemwa. Labda fedha aliyokuwa nayo ameilipia ada ya mwanawe, na hao wamsemao wataka ubwabwa wa matanga tu. Twapenda kuwasikia mzee wa Ipinda na mzee wa Matema wakibishana juu ya kijana huyo, kila mmoja kwa jina lake, na mwandishi asiyaunganishe maneno yao.