Zeituni, Sangara na Menyu: Tathmini ya Chajio Kimoja Mjini Kampala

Jarida la idara yetu limezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani, na mara mojamoja kamusi mpya inapotufikia. Safari hii tumeona tuhakiki mkahawa. Wasomaji watakaoshangaa tunawaomba wavumilie, kwa sababu menyu nayo ni matini: ina mwandishi na hadhira yake, ina mambo inayoyasema na mengine inayoyaficha, na kuisoma hadi mwisho hugharimu kuliko riwaya nyingi.

Sababu ya kuchagua mkahawa ni hii. Kila mwaka baadhi ya wanafunzi wetu wanaosoma Kiswahili cha utalii na hoteli hupelekwa kwenye mafunzo kazini, na kila mwaka hurudi na malalamiko yaleyale, kwamba huko walikokwenda hakuna aliyewataka waseme Kiswahili. Jambo hili linasikitisha hasa kwa kuwa karatasi zote ziko upande wetu. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakubali mwezi Februari 2021 kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tukataka kuona lugha hiyo imefika wapi katika mahali ambapo sahani moja ya samaki inauzwa shilingi 75,000.

Tulikuwa sita, walimu wanne na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu, na tulilipa wenyewe. Mkahawa uko juu ya kimojawapo cha vilima vya Kampala. Hatutautaja jina, kwani mengi tutakayoyasema yanahusu mikahawa ya aina yake kwa jumla. Kuta ni nyeupe, fremu za madirisha zimepakwa buluu, na mlangoni pana mzeituni mdogo ndani ya chungu, ambao kwa kuutazama tu unajua kwamba mvua zetu hauzipendi.

Menyu inasema kwamba vyakula vyake ni vya “Kimediterania”. Neno hili ni pana mno. Nchi zinazopakana na bahari hiyo ni zaidi ya 20, kuanzia Hispania na Moroko hadi Lebanoni na Misri, na kinachoziunganisha mezani ni vitu vitatu vya kale, yaani ngano, zabibu na zeituni. Wazo la kuviweka vyakula vyao vyote chini ya jina moja lilipata nguvu kutoka kwa watu wa nje. Mwandishi Mwingereza Elizabeth David alichapisha kitabu chake cha mapishi ya Mediterania mwaka 1950, wakati Waingereza bado wanagawiwa chakula kwa kadi. Baadaye wakaja madaktari na sifa za afya ya moyo, na mwaka 2010 UNESCO ikaitia namna hiyo ya kula katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Nyanya, ambayo leo huwezi kuufikiria mlo wa Kiitaliano bila yake, ilitoka Amerika baada ya mwaka 1492, kama ilivyotufikia sisi pia.

Hebu sasa tuifungue menyu yenyewe. Imeandikwa kwa Kiingereza, na majina ya vyakula yako kwa Kiitaliano, Kifaransa na Kigiriki. Hakuna hata neno moja la Kiswahili wala la Kiganda. Wanafunzi wetu walipewa zoezi la kuhesabu ni viungo vingapi vyenye majina ya Kiswahili yaliyozoeleka, nao walipofika ukurasa wa pili waliacha kuhesabu. Zeituni, jibini, limau, bilingani, kitunguu thomu, nanaa, lozi, asali, siki, zabibu, tini, pweza: vyote vimo katika kamusi, na karibu vyote vimo katika majiko ya Mombasa na Unguja. Tena baadhi ya maneno haya ni ndugu wa maneno ya hukohuko. Zeituni yetu na aceituna ya Wahispania ni neno moja la Kiarabu lililopanda majahazi mawili tofauti. Zafarani ni hivyohivyo, ambayo kwa Kiitaliano ni zafferano na kwa Kihispania ni azafrán. Sukari vilevile. Kwa hiyo anayedai kwamba chakula hiki hakisemeki kwa Kiswahili hajajaribu kukisema.

Hatusemi kwamba kazi ni rahisi. Tulipofika kwenye hummus, mwanafunzi mmoja, aliyekulia Mwanza, aliandika “rojo la dengu na ufuta”. Mwenzake wa Kisumu akacheka, maana kwao ndengu ni zile punje ndogo za kijani ambazo Mtanzania huziita choroko. Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko chakula chenyewe. Mwishowe tulikubaliana kwamba dengu ndiyo, ila mwenye menyu anayetaka kueleweka pande zote mbili za mpaka itambidi aongeze maelezo mafupi. Waarabu wenyewe hawakujitaabisha: hummus kwao ni jina la dengu hizohizo, basi. Kuhusu ufuta, hapa Uganda wote tunasema simsim, na kaskazini mwa nchi, kwa Waacholi na Walango, kusaga simsim na kula rojo lake ni jambo la kila siku. Mhudumu alitueleza kwamba simsim iliyosagwa ya mkahawa huja ndani ya chupa kutoka ng'ambo.

Tuseme juu ya ladha, maana hapa si darasani tu. Hummus ilikuwa laini, lakini baridi kana kwamba imetoka kwenye friji dakika hiyo. Kosa kubwa zaidi lilikuwa katika kuandaa. Sahani ndogondogo za namna hii, kuanzia Beirut hadi Athens, huwekwa katikati ya meza, kila mmoja akamega mkate na kuchovya anapotaka. Ni mila ambayo mtu wa pwani aliyezoea sinia haihitaji kufundishwa. Sisi tuliletewa visahani sita, kila mtu na chake, kila kimoja na tone la mafuta na jani moja la nanaa, kama dawa ya kugawiwa zahanati. Tulivisukuma katikati wenyewe, na hapo tu ndipo mazungumzo yalipochangamka. Mkate ulistahili sifa zote: umeokwa katika tanuri la kuni, umevimba, una moshi kidogo, na unatosha kuwa sababu ya kurudi. Bilingani zilizochomwa na kupondwa pamoja na thomu zilikuwa nzuri pia. Pweza, shilingi 68,000, alikuwa mgumu. Kwa bei hiyo mtu angetarajia angalau apikwe kama anavyopikwa na wauzaji wa usiku pale Forodhani, Zanzibar. Wali wa zafarani ulitoka Milan, mji usio na bahari, nao tuliupita haraka.

Chakula kilichotushughulisha zaidi kilikuwa samaki. Menyu ilimpa jina la Kiitaliano, jina la samaki wa baharini anayevuliwa Mediterania. Alipoletwa, minofu yake minene na mipana ilitutia shaka. Tulimwuliza kijana aliyekuwa akituhudumia, kwa Kiswahili, huyu ni samaki gani hasa. Akatazama nyuma, kisha akainama kidogo.

“Mwalimu, nisikudanganye,” alisema. “Huyu ni mputa wetu wa ziwani.”

Mputa ndiye sangara. Na tuseme kweli, alikuwa bora kuliko kila kitu mezani: amechomwa juu ya makaa, ngozi imekauka vizuri, ndani bado ana maji yake, na juu yake hapakuwa na kitu ila limau, chumvi na mafuta ya zeituni. Mpishi anayejua kumtendea sangara hivyo hana haja ya kumwazima jina. Zaidi ya hapo, jina analoficha lina uhusiano wa kweli na bahari anayoitafuta. Sangara ni samaki wa mto Nile. Katika Ziwa Viktoria alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na maji ya ziwa hilo yakitoka Jinja huenda hadi Misri, yakaingia katika Bahari ya Mediterania. Kuna samaki gani mwingine ambaye mkahawa wa Kimediterania wa Kampala ungeweza kumwandika kwa fahari kubwa kuliko huyu? Badala yake mteja analipa shilingi 75,000 ili adanganywe, na mvuvi wa Gaba au Kasensero hatajwi popote. Katika uhakiki wa fasihi tungesema mwandishi hamwamini mhusika wake mkuu.

Kijana huyohuyo ndiye aliyetufundisha jambo la pili. Tulipoingia alitukaribisha kwa Kiingereza, na tulipomjibu kwa Kiswahili alibabaika kwa nukta moja tu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, chenye lafudhi ya Busia, alikozaliwa, na kilikuwa na heshima ndani yake: “karibuni sana wazee wangu”, “mama, nikuongezee mkate?” Lakini kila meneja alipokaribia, alihamia Kiingereza katikati ya sentensi. Tunajua woga huu umetoka wapi. Kwa Waganda wengi wa umri wetu Kiswahili kilikuja na sauti ya kambi ya jeshi, na hata Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukiongezea marafiki. Hata hivyo, meza iliyokuwa karibu nasi ilikaliwa na wafanyabiashara kutoka Goma, wakitaabika kuagiza kwa Kiingereza cha kubahatisha. Kongo imo katika Jumuiya tangu mwaka 2022. Wateja hawa wana fedha, wana Kiswahili, na pale pale palikuwa na mhudumu anayekijua, lakini hakuna aliyewakutanisha. Hiyo si hasara ya lugha peke yake, ni hasara ya biashara, na tunadhani meneja ataielewa hoja ya biashara mapema kuliko ya utamaduni.

Kwa kitindamlo (neno ambalo wanafunzi wanalipenda na hawajawahi kulisikia nje ya darasa) tuliagiza tiramisu, tamu kupita kiasi, na kahawa. Kahawa ilikuwa ya pakiti kutoka Italia. Hapa tulitulia kidogo. Italia imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa kahawa ya Uganda, na robusta yetu huingia katika mchanganyiko wa kahawa zao nyingi. Inawezekana kabisa kwamba tulikunywa, kwa shilingi 10,000 kikombe, buni iliyotoka Masaka ikasafiri kwenda kubadilishwa jina.

Tukitoka hapo, mmoja wetu alikumbusha kwamba Kampala ina chakula kingine chenye asili ya Mediterania ambacho hakuna gazeti linalokihakiki. Huko Kisenyi, Wasomali huuza baasto, yaani tambi ambazo babu zao walizizoea chini ya Waitaliano, pamoja na nyama na ndizi mbivu pembeni. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei tuliyolipa sisi, Kiswahili husemwa bila kutazama nyuma, na ndizi haiombwi radhi. Mlo huo tutautolea tathmini yake.

Kwa wenzetu wanaotunga vitabu vya kozi hii tuna ombi moja. Sura ya “Hotelini” katika vitabu vingi bado ina mteja anayeagiza chai na mkate, na mhudumu anayejibu “ndiyo, bwana”. Mwanafunzi anayehitimu na mazungumzo hayo hawezi kumweleza mteja wa Goma tofauti ya jibini mbili, wala kumwambia kwa adabu kwamba pweza wa leo si wa kumshauri. Wanafunzi wetu wawili wameanza kuiandika upya menyu ile kwa Kiswahili, chakula kwa chakula, na wamekwama kwenye majina ya aina za jibini. Mwenye pendekezo awaone ofisini kabla ya muhula kwisha.

Na msomaji atakayekwenda aombe sahani ziwekwe katikati, asiagize pweza, na samaki amwagize kwa jina lake.