Kisiwa Kimoja, Filamu Mbili

Mwaka 2006 mwongozaji wa Marekani, Clint Eastwood, alitoa filamu mbili juu ya mapigano yale yale: vita vya kisiwa cha Iwo Jima, Japani, Februari na Machi 1945. Flags of Our Fathers inawafuata askari wa Marekani. Letters from Iwo Jima inawafuata Wajapani, tena kwa lugha yao. Tulizitazama chuoni pamoja na wanafunzi wa theolojia, jioni mbili mfululizo.

Ya kwanza inahusu picha maarufu ya askari wakisimamisha bendera juu ya mlima Suribachi. Watatu wanazungushwa nchini mwao kama mashujaa, ili wananchi waikopeshe serikali fedha za vita. Wenyewe wanajua kwamba bendera ile ilikuwa ya pili, na kwamba wenzao waliostahili heshima wamebaki kisiwani. Mjapani haonekani sana humo; ni risasi itokayo shimoni.

Ya pili inatuingiza ndani ya shimo lile. Tunamkuta Saigo, mwokaji mikate aliyemwacha mke mjamzito. Tunamkuta Nishi, ofisa anayewasomea askari wake barua ya mama wa mateka Mmarekani aliyekufa mikononi mwao. Kijana Shimizu anatambua kwamba maneno ya mama yule ni kama ya mama yake mwenyewe. Baadaye Shimizu anasalimu amri, na Mmarekani anayemlinda anampiga risasi. Filamu hiyo hiyo inaonyesha Wajapani wakimuua mateka kwa singe. Kwa hiyo kusikiliza pande mbili hakukufunika dhambi ya yeyote.

Hata hivyo tuna dosari za kutaja. Maofisa wanaotuvutia zaidi, Jenerali Kuribayashi na Nishi, ni watu waliowahi kufika Marekani na kupata marafiki huko. Ni rahisi kumhurumia adui anayefanana nasi. Tena mateso ambayo jeshi la Japani liliwatendea watu wa China na Ufilipino hayaonekani. Na mwaka 2016, kisha 2019, ilitangazwa rasmi kwamba wawili kati ya wale watatu hawakuwemo katika picha ile. Filamu iliyokusudia kusahihisha simulizi nayo ikahitaji kusahihishwa.

Wapendwa washarika, Amri ya Nane tunaijua tangu kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo Luther hafundishi tu kwamba tusimsingizie jirani. Anataka tumtetee na kuyaelewa mambo yake kwa wema. Mithali 18:17 nayo inatuonya juu ya msemaji wa kwanza, anayeonekana ana haki mpaka mwenzake afike.

Sisi wenyewe tulishawahi kuketi na wazee wa kanisa, tukamsikiliza mume peke yake, tukamtenga mkewe na Meza ya Bwana. Miezi mitatu baadaye tulipofika kwa yule mama, tukaona jinsi alivyoumizwa, tulijua tumemwonea. Tuliungama mbele yake na kumrudisha kundini. Jumapili zile alizokaa nje hatuwezi kumrudishia.

Basi, wazee wetu, shauri likiletwa tena mbele yetu, tusiandike uamuzi kabla hatujabisha hodi kwenye nyumba ya pili.