Kosa la Moore: Konokono wa Tanganyika na Istilahi za Kiswahili cha Bara

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa biolojia hapa Lubumbashi anayetaka kuzungumzia moluska kwa Kiswahili hukabiliwa na jambo la ajabu. Kamusi humpa kwa ukarimu majina ya wanyama ambao pengine hajapata kuwaona: chaza, kombe, kome, pweza na ngisi. Lakini wale wanaoishi katika maji ya nchi yake, tangu Luapula na Ziwa Moero hadi Tanganyika, karibu wote huingia chini ya jina moja tu: konokono. Makala haya yanakusudia kuihakiki hali hiyo. Hoja yetu ni kwamba upungufu huu hautokani na umaskini wa Kiswahili cha bara, bali na mazoea ya kuipima bara kwa kipimo cha pwani. Mazoea hayo yamewahi kuipotosha hata sayansi yenyewe.

2.0 Ziwa lililodhaniwa kuwa bahari

Mwaka 1858 John Hanning Speke alichukua magamba ya konokono katika Ziwa Tanganyika, na mwaka uliofuata S. P. Woodward akayaeleza kitaalamu. Mwaka 1880 Edgar Smith alimpa konokono mwingine wa ziwa hilo jina la Tiphobia horei, kwa heshima ya mmisionari Edward Hore. Magamba haya yaliwashangaza wataalamu. Walizoea kuona konokono wa maji baridi wakiwa na magamba membamba yasiyo na mapambo. Hapa baadhi yalikuwa mazito yenye matuta, na mengine yalikuwa na miiba mirefu, kana kwamba yameokotwa ufukweni mwa bahari.

J. E. S. Moore, aliyelizuru ziwa hilo mara mbili mwishoni mwa karne ya 19, alikata shauri kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale na konokono wake ni masalia ya wanyama wa baharini. Alieleza nadharia hiyo katika kitabu The Tanganyika Problem cha mwaka 1903. Nadharia haikudumu. Msafara wa W. A. Cunnington wa 1904–1905 uliitilia shaka, na tafiti zilizofuata zikaiangusha: konokono hao ni wa maji baridi, na sura yao waliipata humohumo ziwani.

Sababu iliyopendekezwa baadaye ilikuwa karibu kuliko bahari. Mwaka 1991 West, Cohen na Baron walionyesha kwamba ziwani mna kaa wenye magando yenye nguvu ya kuvunja magamba. Kwa vizazi vingi mno kaa na konokono wameshindana, huyu akiimarisha gando, yule akiimarisha gamba. Leo zinajulikana zaidi ya spishi 60 za konokono katika Tanganyika, na nyingi hazipatikani kwingine duniani. Ziwa Moero nalo lina wake, kama vile Bellamya pagodiformis.

3.0 Kamusi na kipimo cha pwani

Kosa la Moore halikuwa katika macho, kwani ufanano alioutaja ulikuwepo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila kinachofanana na cha pwani lazima kiwe kimetoka pwani. Wanaleksikografia wetu wamelirudia kosa hilo kwa njia yao. Krapf (1882) aliijenga kamusi yake kutokana na Mombasa. Sacleux na Johnson, ambao kamusi zao zilitoka 1939, waliiweka pwani katikati ya kazi zao. Lahaja ya Unguja iliteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, na kamati iliyoundwa 1930 ilikuwa ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, Kongo haikuwamo. Hatuwalaumu kwa kuandika walichokisikia. Tunalolaumu ni hukumu iliyofuata, kwamba Kiswahili cha Katanga ni masalia yaliyoharibika ya lugha ya pwani.

Hatukatai uhusiano wa kale. Kauri za bahari zimefukuliwa katika makaburi ya Sanga, bonde la Upemba, na zinathibitisha kwamba mikono ya biashara ilizifikisha huku karne nyingi kabla ya misafara ya karne ya 19. Lakini Kiswahili cha Lubumbashi kilikomaa migodini na makambini, miongoni mwa wasemaji wa Kibemba, Kiluba, Kisanga na lugha nyinginezo. Kama gamba la konokono wa Tanganyika, kilipata sura yake hapa.

4.0 Gharama ya jina moja

Huenda msomaji akauliza: jina moja lina ubaya gani? Ubaya wake huonekana katika ugonjwa wa kichocho. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kuingia mwilini mwa binadamu, lakini si ndani ya kila konokono. Kichocho cha mkojo hupitia konokono wa jenasi Bulinus. Kile cha utumbo kinachosababishwa na Schistosoma mansoni hupitia Biomphalaria. Mwalimu anayewaambia watoto wa Kasenga au Pweto wajihadhari na “konokono” amewatisha bila kuwafundisha.

Kuongeza neno moluska, ambalo ni istilahi nzuri kwa kundi zima, hakutoshi. Pengo liko ngazi za chini. Ukilishika gamba la Bulinus ncha ikiwa juu na kinywa kikikuelekea, kinywa huwa upande wa kushoto. Biomphalaria amejiviringa bapa kama ngata ya kubebea mzigo kichwani. Tunapendekeza, basi, konokono-shoto na konokono-ngata, hadi wavuvi na wanawake wanaoteka maji watakapotupa majina bora zaidi. Hao ndio wangepaswa kuulizwa kwanza.

5.0 Hitimisho

Ngata ya pwani ndiyo inkata ya Kibemba: mzizi mmoja wa Kibantu, vichwa vingi vilivyobeba. Istilahi ya namna hiyo haimfanyi mtu wa Unguja kuwa mgeni wala mtu wa Luapula kuwa mkopaji. Usanifishaji ukifuata njia hiyo, mwanafunzi wetu ataweza kusimama ukingoni mwa maji yake mwenyewe akataja kilichomo.