Kiitikio cha Kimihurura

Mbio za baiskeli za milimani tulizozoea kuziona kwenye televisheni zina umbo moja: bonde, mlima, bonde, kisha mlima mkubwa kuliko yote, na mstari wa mwisho umechorwa kileleni. Kilele cha ardhi na kilele cha kisa vinakutana mahali pamoja. Mbio za ubingwa wa dunia za wanaume zilizofanyika Kigali tarehe 28 Septemba 2025, mwaka ambao mashindano hayo yalikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza, zililikataa umbo hilo. Kwangu ni utungo bora kuliko siku nyingi za mbio zilizomalizikia mlimani Alpe d'Huez.

Tazama zilivyojengwa. Kilomita 267.5, yaani kutoka hapa Mambasa mpaka Bunia, na bado njia inabaki. Mizunguko 9 ya mjini, kila mmoja kilomita 15.1, halafu msafara unatoka mara moja tu kwenda kuupanda Mlima Kigali na ule ukuta wa mawe unaoufuata, kisha unarudi mjini kwa mizunguko 6 mingine. Katika kila mzunguko, kilima cha Kimihurura kinangoja na mawe yake. Aliyelelewa na mashairi anautambua mpangilio huu mara moja: beti kumi na tano zenye kiitikio kimoja, na kati yake ubeti mmoja ulioachiwa uvunje arudhi.

Kiitikio hakibadiliki maneno. Kinachobadilika ni uzito wake kila kinaporudi. Kimihurura ni kilomita 1.3 tu. Asubuhi kundi lilipita hapo limejaa barabara nzima. Mchana mawe yaleyale yalipitiwa na mtu mmojammoja, mdomo wazi. Jumla ya kupanda siku hiyo ilikuwa mita 5,475, zaidi ya kimo cha Margherita kule Ruwenzori, ila waendeshaji walilishwa mlima huo kidogokidogo.

Tadej Pogačar alichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Juan Ayuso na Isaac del Toro walimfuata, wakaachwa mmoja baada ya mwingine. Kilomita 66 za mwisho alikuwa peke yake. Wengi walisema mbio zilikufa hapo. Mimi naona ndipo kiitikio kilipogeuka. Kabla ya hapo Kimihurura kilimuuliza kila mtu: nani atatoka? Baadaye kilimuuliza mmoja: utadumu? Na swali hilo lilikuwa na kumbukumbu, kwa sababu Jumapili iliyotangulia, katika mbio za kupambana na saa, Remco Evenepoel alimkamata na kumpita Pogačar kwenye mawe hayohayo. Sasa Evenepoel alikuwa nyuma, amebadilisha baiskeli, anakipanda kilima kilekile kama mtu anayedai deni lake.

Kasoro ninayoilaumu ni ya picha. Helikopta huulaza mlima. Kutoka juu kila mteremko ni tambarare. Mlima unasomwa mabegani, pale yanapoanza kuyumba kulia na kushoto kwa kila mkanyago.

Jirani niliyeketi naye kwenye benchi tukitazama mbio hizo anajua kuyasoma mabega hayo. Yeye husukuma baiskeli ya mawese kwenye njia ya Komanda, madumu pande zote mbili za fremu, fimbo imefungwa kwenye usukani ili aongoze akitembea kando, na jiwe la kuzuia gurudumu anapopumzika katikati ya kilima. Hakuuliza habari za mwendo wala za zawadi. Aliuliza: “Mwalimu, ile mulima banarudilia mara ngapi?”

Nikamwambia kumi na tano.

Alianza kuhesabu kwa vidole. Pogačar alimaliza kwa saa 6 na dakika 21, Evenepoel akifuata dakika 1 na sekunde 28 baadaye, kisha Ben Healy. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Kimihurura kilipopandwa mara ya mwisho, jirani yangu alikuwa amesimama.