Nani Anaelezwa? Tawasifu za Waafrika Mashariki katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja katika tawasifu za Waafrika waliotoka pande zetu wakasoma katika vyuo vikuu vya Marekani, nalo ni jambo la hadhira. Dhamira ya vitabu hivi, yaani safari ya kutafuta elimu, ni rahisi kuiona na haitatuchelewesha. Tunalouliza ni hili: mwandishi anapoketi kueleza, anamweleza nani, na anamweleza nini? Swali hili lina uzito kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili. Lina uzito zaidi kwa watu wa mahali kama Kibirichia, kule kaskazini ya Mlima Kenya, ambako mkulima huuza viazi vya misimu kadhaa, na pengine kipande cha shamba, ili mtoto apande ndege, ilhali hana alichosoma kuhusu huko anakompeleka.

Kabla ya kuzifikia tawasifu zenyewe, yafaa tukitaje kitabu cha aina nyingine ambacho aghalabu mwanafunzi wetu hukishika kwanza: mwongozo wa maisha ya chuo kikuu cha Marekani kwa wageni wanaojifunza Kiingereza. Vitabu hivi hutungwa na walimu wa Kiingereza, au na ofisi zinazohudumia wanafunzi wa kigeni. Humfunza mgeni amtazame profesa machoni. Asione haya kumwita kwa jina lake la kwanza akiruhusiwa. Aseme darasani hata kama hakuulizwa. Aende ofisini kwa mwalimu katika saa zilizotangazwa. Asichukue maneno ya mwingine bila kumtaja mwenyewe. Hatuyabezi mafunzo haya. Kijana aliyelelewa Umeruni, akazoezwa kuinamisha macho na kunyamaza mbele ya mkubwa wake, anaweza kupoteza alama za kushiriki darasani muhula mzima, na heshima yake ikahesabiwa kuwa uvivu wa akili.

Lakini mhakiki akiisoma miongozo hii kama anavyosoma maandishi mengine yoyote, atakuta ina mhusika mmoja tu, naye ni mgeni mwenye upungufu. Mwenyeji hana historia wala kasoro. Ana desturi tu. Utamaduni umepunguzwa ukawa adabu za ukumbini. Juu ya hayo, matatizo yote hufanywa kuwa ya lugha, kana kwamba mtu akishajua Kiingereza kila mlango utamfungukia. (Ni kichekesho kidogo kwamba Mkenya, aliyefundishwa masomo yake kwa Kiingereza tangu utotoni, mara nyingi ametakiwa afanye mtihani wa TOEFL, ulioanzishwa mwaka 1964, ili athibitishe kwamba lugha hiyo anaijua. Nchini kwake hupimwa kwayo, na ng'ambo hupimwa tena iwapo kweli anayo.)

Tawasifu zinatuonyesha mengine. Mugo Gatheru, katika kitabu chake kiitwacho Child of Two Worlds, kilichotoka mwaka 1964, anasimulia jinsi alivyofika Marekani mwaka 1950, akasoma kwanza katika chuo cha Bethune-Cookman kule Florida, kisha katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kile kile alichopitia Kwame Nkrumah. Vyote viwili ni vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Mwaka 1952, Kenya ikiwa imeingia katika Hali ya Hatari, idara ya uhamiaji ya Marekani ilianza kutaka kumwondosha nchini, na shauri hilo likamwandama kwa miaka huku marafiki na walimu wakimtetea. Hakuna mwongozo wa adabu ambao ungemwandaa kwa hilo. Mgeni anaweza kuwa mwanafunzi hodari, mwenye kupendwa na walimu, na bado kuwapo kwake nchini kukawa kunategemea karatasi iliyo katika mkono wa mtu asiyemjua.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kitabu cha Gatheru haihusu Marekani. Inahusu malezi yake ya Kikikuyu: ukoo, rika, tohara, mifugo. Anayaeleza kwa upole na kwa utaratibu, na aliyekulia katika nyumba ya Mkikuyu, au ya Mmeru, hahitaji kuelezwa. Basi anaelezwa nani? Ni dhahiri kwamba ni yule msomaji wa London na New York. Kijiji kinafafanuliwa kwa ajili ya mji mkuu wa dunia; mji mkuu haufafanuliwi kwa ajili ya kijiji. Hatusemi hivyo kumlaumu Gatheru. Mwaka 1964 mchapishaji alikuwa ng'ambo, na mnunuzi pia. Tunasema tu kwamba mwelekeo wa maelezo ni sehemu ya maana ya kitabu, kama vile mwelekeo wa mto ulivyo sehemu ya habari za mto.

Tukiingia katika Unbowed, kitabu cha Wangari Maathai cha mwaka 2006, tunakutana na mwandishi mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kusimulia. Wangari alisafiri mwezi Septemba 1960, katika ile mipango ya ndege iliyohusishwa na Tom Mboya, ambayo ilianza mwaka 1959 kwa wanafunzi 81 na hadi mwaka 1963 ilikuwa imewapeleka karibu 800. Alisoma sayansi ya viumbe katika chuo cha watawa cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Kuna tukio moja katika kitabu hiki ambalo tungependa kulitua mbele ya msomaji. Wangari na mwenzake Mkenya wamo katika basi, wanatoka New York kwenda Kansas. Basi linasimama Indiana. Wana kiu, wanaingia mkahawani kutaka soda. Wanaambiwa kwamba hawawezi kuketi humo kwa kuwa ni weusi. Wakitaka kunywa, wakanywee nje.

Tulitazame tukio hili kwa macho ya mwalimu wa lugha. Mazungumzo ya kununua soda ni miongoni mwa mazoezi ya kwanza kabisa katika kitabu chochote cha wanaojifunza Kiingereza. Wasichana hawa waliyaweza, na zaidi ya hayo. Wangari alikuwa ametoka shule ya sekondari ya Loreto, Limuru. Kabla ya hapo, katika shule ya St. Cecilia kule Nyeri, alikuwa amekulia chini ya ule utaratibu wa kumvisha alama ya fedheha mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya mama yake, nao anausimulia mwenyewe katika kitabu hiki hiki. Kwa hiyo ile sentensi ya mkahawani aliielewa yote, hakukosa hata neno. Kiingereza alichokipata kwa adhabu kilimtumikia barabara: kilimwezesha kufahamu anakataliwa. Katika vitabu vya miongozo, asiyeelewa ndiye anayeachwa nje. Hapa aliachwa nje aliyeelewa.

Wangari hakulikuza tukio hili. Analitaja, kisha anaendelea hadi Kansas, kwenye wema wa watawa na wa rafiki zake, na wema huo tunauamini. Sura ya Marekani ni moja tu katika kitabu kizima, na imejaa shukrani. Hapa ndipo tunapotofautiana kidogo na wale wanaoisoma sura hiyo kama picha kamili. Shukrani kwa mwenyeji ni adabu njema, lakini inapoandikwa kwa lugha ya mwenyeji, mbele ya macho ya mwenyeji, huwa inalainisha kalamu. Lile jina la Mary Josephine alilokwenda nalo Marekani aliliacha baadaye, akajirudishia la Wangari Muta. Sisi tungalipenda kurasa nyingi zaidi juu ya hilo.

Je, Kiswahili kimewahi kuugeuza mwelekeo huu? Kimewahi, na mapema. Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin kati ya mwaka 1891 na 1895, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, nazo zikachapwa na Büttner mwaka 1894. Ajabu ni kwamba Kiswahili kile nacho kilipigwa chapa kwa ajili ya wageni, yaani Wajerumani waliokuwa wakijifunza lugha yetu. Mswahili alieleza Ulaya kwa Kiswahili, na waliosoma kwanza ni watu wa Ulaya. Lugha ya nyumbani peke yake, basi, haitoshi kutupatia hadhira ya nyumbani.

Martin Kayamba alifika mbali zaidi. Baada ya kwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, alitoa kitabu mwaka 1932 kwa jina la Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kayamba alikuwa mtumishi mwaminifu wa serikali ya kikoloni, na msomaji wa leo hatakosa la kumwuliza. Lakini tazama jina la kitabu. Wanaoona ni sisi. Uingereza ndiyo inayoonwa. Lilinganishe na Child of Two Worlds, au na I Will Try cha Legson Kayira wa Malawi cha mwaka 1965, ambamo mwandishi mwenyewe ndiye kitu kinachowekwa mezani kitazamwe. Kayira alitembea kwa miguu mamia ya maili akielekea kaskazini, hadi akafika chuo cha Skagit Valley katika jimbo la Washington. Na ushujaa huo ukawa bidhaa iliyonunuliwa zaidi na wale aliowaendea kuliko na wale aliowaacha.

Katika harambee moja pale Kibirichia, ya kumchangia kijana nauli na karo, tulisikia wasemaji wakiisifu Marekani kwa saa mbili. Mmoja alisema kijana atafanya kazi usiku na kujilipia karo yote. Hapakuwa na aliyemkosoa. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo. Malipo ya kuosha sahani katika jiko la bweni hayalipi karo ya chuo kikuu. Kijana akipita mpaka huo anahatarisha ile hati ya I-20 inayomhalalishia kukaa. Jambo hili linaelezwa wazi kwa Kiingereza kwa mwanafunzi. Kwa mzazi, ambaye ndiye aliyekopa, halielezwi. Mwisho akasimama mama wa kijana, akatugeukia sisi tuliokwisha kwenda huko: "Mwalimu, akiugua, analipa nani?"

Mtu ataweza kudai kwamba jibu la mama huyo lilipasa kuandikwa kwa Kimeru. Hoja hiyo ni ya haki, na atakayeandika kwa Kimeru tutamshukuru. Lakini mama wa Kibirichia, baba wa Busia na shangazi wa Tanga wana swali moja, na gazeti wanaloweza kulisoma wote ni la Kiswahili. Wala tusijifiche nyuma ya uhaba wa istilahi. Bima tunayo, muhula tunao, karo, bweni, mdhamini na mshauri wa masomo tunao. "Krediti" imekwisha kuingia vinywani mwa wanafunzi wetu na haitatoka. Ugumu upo kwingine: aliyesoma huko, akirudi, huona fahari kuandika kwa lugha ile aliyoikodi, na hueleza ng'ambo habari za viazi vyetu na baridi ya mlima wetu, wakati pale harambeeni mama bado amesimama, anangoja kuambiwa kuhusu hospitali, na kuhusu gharama ya kuurudisha mwili nyumbani iwapo yatatokea hayo, kwa maana hilo ndilo alilouliza pili, kwa sauti ndogo.